Askari wa Siku Moja

Nuwa alikuwa mtu wa saa. Jeshi lilimwachia mguu mmoja wa kuchechemea, jina la Afande ambalo mji mzima wa Bwera, pale mpakani, uliendelea kumwita hata baada ya kuvua sare, na tabia ya kufanya kila jambo kwa wakati wake. Ndiyo maana binti yake Edisa alipoandikiwa vidonge vya rovu, vya kumeza asubuhi, mchana na jioni, hakuna aliyeuliza nani atavisimamia. Nuwa alivitia katika mfuko wa shati lake, akafunga kifungo.

Edisa alikuwa fundi cherehani katika soko la Bwera. Mumewe, Fred, alikuwa mwashi huko Juba, na tangu ugonjwa ulipomzidi, Edisa alikuwa amerudi kukaa kwa baba yake. Rovu lake halikuwa lile la wanawake wa zamani wa milimani, linaloning'inia shingoni kama kibuyu. Lilikuwa dogo, hata kola ya gauni ililificha, lakini lilikuwa kali. Moyo ulimwenda mbio hali ameketi. Mikono ilimtetemeka akawa anavunja sindano za cherehani moja baada ya nyingine. Alikula chakula cha watu wawili na bado akakonda. Vidonge vilipoanza kufanya kazi, mikono ilitulia, usingizi ukarudi, mashavu yakaanza kujaa. Nuwa aliyaona hayo kwa macho yake mwenyewe, na tangu hapo akaviamini vidonge vile kuliko alivyowahi kuamini kitu chochote kinachoingia kinywani mwa mtu.

"Dawa ni amri," alimwambia Edisa kila alipochelewa. "Na amri haingoji uji upoe."

Siku moja ya soko Edisa alirudi nyumbani mapema, kiganja kikiwa shingoni.

"Koo linaniwasha, Tata."

Ulikuwa msimu wa mvua. Ukungu ulikuwa ukishuka kutoka milima ya Rwenzori hadi barabarani, na nusu ya mji ilikuwa ikikohoa. Nuwa alimchemshia maji ya chumvi asukutue, wala hakulifikiria tena. Asubuhi yake Edisa aliamka na homa, na baba yake alipomletea kidonge aliusukuma mkono wake taratibu.

"Leo niache. Nikimeza mate tu, ni kama nameza wembe."

Nuwa hakumwacha. Alikisaga kidonge kwa mgongo wa kijiko, akakikoroga katika maziwa ya vuguvugu, akamshikia kikombe mdomoni. Edisa alikunywa machozi yakimtoka, na baba yake akamsifu kama anavyosifiwa kuruta aliyemaliza mbio. Mchana alifanya vivyo hivyo. Jioni vivyo hivyo. Na kulipokucha, kabla hata ya kumwuliza amelalaje, alikuwa ameshasaga kingine.

Asubuhi hiyo ndipo alipokuja Sylvie. Sylvie alikuwa mwanamke wa Butembo, ng'ambo ya mpaka, mwuza vitenge, ambaye kibanda chake sokoni kilipakana na cha Edisa. Aliona kibanda cha mwenzake kimefungwa siku ya pili, akaja kuuliza. Alimkuta Edisa amejikunja ukutani, anatetemeka chini ya mablanketi, hasemi. Alimwambia afungue kinywa. Alipotazama ndani alirudi nyuma hatua nzima, mkono mdomoni.

"Afande, hii si mafua," alisema. "Huyu mutoto iko naoza mu kinywa."

Nuwa aliinama akatazama. Ulimi, ufizi na kuta za koo vilikuwa na vidonda vya rangi ya majivu, vikavu, kana kwamba mtu amechoma nyama ile kwa makaa. Jana havikuwapo. Au vilikuwapo na yeye hakutazama; alikuwa akishughulika na kikombe.

Sylvie alimpigia simu kaka yake, Anselme, aliyekuwa na gari la kubebea marobota, na wakamlaza Edisa kwenye kiti cha nyuma. Walipofika Kisinga, Nuwa alitaka washuke kwenye hospitali ya misheni, lakini Sylvie alisema waende mpaka Kasese, kuna mashine na madaktari wengi. Njia nzima Edisa hakulalamika, na hilo ndilo lililoanza kumtisha baba yake.

Kwenye lango la hospitali moja mjini Kasese, mlinzi alimwelekezea Edisa kipimo cha homa kwenye paji la uso, akakisoma, akauliza wanatoka wapi. Aliposikia Bwera, mpakani, alisogea mbali na kupiga kelele aitwe mtu. Waliwekwa kwenye hema la pembeni hadi wauguzi waliovaa mavazi ya kujikinga walipowahoji na kuridhika kwamba hawakuleta homa ya mlipuko kutoka ng'ambo. Kisha wakaingizwa ndani, na Edisa akatolewa damu.

Baada ya muda mtu wa maabara alirudi akatoa damu nyingine.

"Ile ya kwanza imefanya nini?" Nuwa aliuliza.

"Mashine inasumbua kidogo, mzee."

Lakini aliyerudi na majibu hakuwa yeye. Alikuja daktari, msichana wa Kiganda aliyeitwa Nakato, mwenye Kiswahili cha kuokoteza kwa wagonjwa wa mpakani. Alisimama mbele ya Nuwa akiwa ameshika mikono yake nyuma.

"Mzee, binti yako anakunywa dawa gani?"

Nuwa alifungua kifungo cha mfuko wake, akatoa pakiti. Daktari alisoma jina lililoandikwa. Hakuirudisha. Aliitia katika mfuko wa koti lake jeupe.

"Kidonge cha mwisho amemeza saa ngapi?"

"Leo asubuhi. Alikuwa hawezi kumeza, nikamsagia."

"Ulimsagia."

"Kwa maziwa. Hakukosa hata kimoja."

Alilisema kwa fahari. Fahari ilikuwa ingali kinywani mwake alipouona uso wa daktari.

"Kaa kwanza, mzee."

"Habari zote mbaya nimezipokea nikiwa nimesimama. Sema."

Nakato alivuta pumzi. "Katika damu ya mtu mna chembe nyeupe. Hizo ndizo walinzi. Kuna aina moja, nyingi kuliko zote, inayolinda kinywa, koo, ngozi, tumbo. Kwa Edisa aina hiyo haipo."

"Imepungua."

"Haipo, mzee. Tulipima mara ya pili tukidhani mashine imekosea."

Nuwa alitazama huku na huku, akateremsha sauti. "Ni ukimwi?"

"Hapana. Tumeupima, hana. Ni hii." Daktari aligusa mfuko wa koti lake.

Nuwa hakuelewa. Alitazama mfuko ule kama mtu anayeonyeshwa nyoka akaona kamba.

Nakato akaanza kumweleza, polepole, akitafuta maneno. Chembe zile hazina maisha marefu. Zinazaliwa ndani ya mifupa, kwenye uboho. Zikitoka huko zinazunguka katika damu kwa saa kadhaa tu, zinaingia mwilini kufanya kazi, na baada ya siku moja au mbili zimekwisha kufa. Zote. Kwa kila mtu. Zinakufa kwa mabilioni, na kila siku uboho unazaa nyingine mahali pake, tangu mtu yuko tumboni hadi anapozikwa, naye hahisi chochote. Dawa hii ya rovu ni dawa nzuri, imewasaidia wengi. Lakini mara chache sana hutokea mtu ambaye mwili wake unaigeukia, na uboho unaacha kuzaa.

"Za zamani zinaendelea kufa kama kawaida yao," alisema. "Mpya haziji. Zikipita siku chache, hakuna aliyebaki lindoni. Vile vijidudu vinavyokaa kinywani mwa kila mtu, mwangu na mwako, vinaanza kumla."

Sasa Nuwa alikaa. Alijikuta tu yuko kwenye benchi.

"Askari wa siku moja," alisema.

"Ndiyo."

"Na mimi pia? Wangu?"

"Wako wa juzi hawapo tena, mzee. Hawa ni wengine."

Maisha yake yote Nuwa alikuwa akiuchukulia mwili kama kitu ambacho mtu alikabidhiwa na mama yake mara moja, akakitunza, kikachakaa. Alikumbuka risasi ilipompasua mguu, wiki alizolala akingoja kidonda kifunge, na namna alivyomshukuru Mungu kwa damu yake ngumu. Damu gani? Walioanza kukipigania kidonda kile asubuhi walikuwa wafu kabla ya jioni ya pili, na wengine wamekuja, na wengine, jeshi juu ya jeshi, na yeye amelala anahesabu mbao za dari. Aliitazama mikono yake kama ya mtu mwingine. Na hapo, juu ya kidole gumba, akaona unga mweupe uliokaukia pembeni ya ukucha.

Aliufuta kwenye suruali. Akaendelea kufuta hata ulipokuwa umekwisha.

"Hakuna hata mmoja aliyebaki?" aliuliza.

"Kuna chembe za aina nyingine, zinazoishi miaka mingi. Zinakumbuka magonjwa ya zamani. Surua aliyougua utotoni, mpaka leo zinaijua. Hizo anazo. Lakini haziwezi kazi ya hizi."

"Na kile nilichomsagia leo asubuhi."

"Hukujua, mzee."

"Sikuuliza kama nilijua."

"Ulimpa dawa aliyoandikiwa," Nakato alisema. "Sasa tumeikatiza. Kwa wengi, uboho unaanza tena kuzaa baada ya wiki moja hivi. Kazi yetu ni kumfikisha huko akiwa hai."

Alilisema kwa sauti ya kawaida kabisa, hilo la akiwa hai.

Edisa alitengewa chumba cha peke yake mwisho wa korido. Walimtundikia dawa kali za kuua vijidudu, ziingie mshipani usiku na mchana. Sheria zilikuwa chache na hazikuwa na mjadala: asiingie mtu ila muuguzi, daktari na baba yake, na kila anayeingia anawe mikono na kuziba pua na mdomo. Asiletewe tunda bichi. Asiletewe maua. Nuwa alipewa benchi mlangoni, na hapo angalau alijua la kufanya.

Jumapili kina mama wa kanisa walikuja kutoka Bwera, wakiongozwa na Tabisa, dada mkubwa wa Nuwa. Walibeba parachichi, mapera na birika la chai. Nuwa alinyanyuka akanyoosha mkono.

"Rudi nyuma."

"Nuwa," Tabisa alisema, "mtoto huyu nilimpokea mimi alipozaliwa."

"Najua. Rudi nyuma."

Wanawake walitazamana. Tabisa alimvuta ndugu yake kando, lakini hakupunguza sauti. Alisema amesikia kinywa cha mtoto kimeoza kwa siku mbili. Ugonjwa wa Mungu hauozeshi mtu kwa siku mbili. Hiyo ni sumu. Na sumu huliwa. Nani anayekula naye sahani moja kule sokoni? Nani anayempikia sombe ya majani ya muhogo kila mchana?

Kule mpakani hakuna asiyejua hadithi ya mtu aliyelishwa sumu iliyotoka ng'ambo. Hakuna aliyetaja jina. Macho yote yaligeuka tu kuelekea mwisho wa korido, ambako Sylvie alikuwa ameketi na furushi la nguo safi za Edisa. Sylvie aliliweka furushi sakafuni. Alisimama, akaanza kujifunga kitenge chake upya, kama mtu anayejiandaa na safari.

Nuwa aliona jinsi ingekuwa rahisi. Hakuhitaji hata kusema neno. Kunyamaza tu kungetosha, na kile kikombe cha maziwa kingebaki siri yake na ya daktari.

"Sylvie, kaa chini," alisema. Ilikuwa amri, na Sylvie akakaa. Kisha akawageukia wengine. "Aliyemlisha ni mimi. Dawa ya rovu imemgeukia, imemaliza walinzi wa damu yake. Alipokataa kunywa nilimlazimisha kwa mkono huu. Kama mnabisha, daktari yule pale. Na huyu mama mnayemtazama ndiye aliyemtoa nyumbani. Bila yeye, mpaka sasa ningekuwa nasaga kingine."

Tabisa alijishusha taratibu akakaa sakafuni, mikono kichwani. Alimtazama ndugu yake muda mrefu, asimlaumu wala asimpe pole.

"Tulivitolea shukrani," alisema mwishowe. "Vidonge hivyo. Kanisani, mbele ya watu wote, tulivitolea shukrani."

Siku zilizofuata zilikuwa na sura moja. Asubuhi damu ilitolewa, mchana Nakato alipita akatikisa kichwa. Hakuna. Homa ilipanda, ikashuka, ikapanda tena. Kuna siku Edisa alimtazama baba yake akamwita kwa jina la mama yake aliyekwisha kufa. Mkononi, mahali sindano ya kwanza ilipochomwa, palivimba pakawa pekundu, pagumu, pa moto kama jiwe la jikoni. Lakini palikuwa pakavu. Nuwa alipouliza kwa nini jipu halitungi usaha, daktari alimjibu kwamba usaha ni maiti za zile chembe, zilizofia kazini. Edisa hana za kufa.

Sindano ya kuuamsha uboho haikuwapo Kasese. Nakato aliiagiza Mbarara, ikaja na basi katika kijisanduku cha barafu, na Edisa akaanza kuchomwa kila siku. Nuwa hakuthubutu kuuliza lolote kuhusu sindano ile. Kila ilipoingia aligeuza uso, kwa kuwa sasa aliogopa kila dawa.

Asubuhi moja muuguzi alifungua bendeji ya mkono ule, na Nuwa akaona kitambaa kimelowa uchafu wa rangi ya manjano. Alitoka akikimbia kwa mguu mmoja na nusu, akamkuta Nakato akinywa chai, akashindwa kusema, akamwonyesha tu njia. Daktari alikuja, akavaa glavu, akabonyeza pembeni ya uvimbe. Kisha akacheka, na macho yake yalikuwa yamelowa.

"Huu ni usaha, mzee."

"Nauona."

"Nilikwambia usaha ni nini."

Nuwa alikuwa ameona usaha maisha yake yote, wa kwake na wa wenzake, akautemea mate. Sasa aliinama karibu, akautazama uchafu ule unaonuka kama mtu anayetafuta nyuso ndani yake. Walikuwa wamekufa. Kumbe walizaliwa kwanza.

Mchana mashine ya maabara ilisema vivyo hivyo: wachache, lakini wapo. Kesho yake walikuwa wengi, na keshokutwa Nakato aliwahesabu kwa maelfu. Vidonda vya kinywani vilianza kuwa vyekundu, kisha vya waridi. Homa ilikatika. Edisa akaomba uji, akaumwaga nusu, akaomba mwingine.

Siku alipoweza kuketi, alikuwa ameshasimuliwa yote na daktari. Alimtazama baba yake, aliyekuwa amekaa mbali na kitanda kuliko ilivyohitajika.

"Niliambiwa, Tata," alisema. Sauti yake ilikuwa ya mkwaruzo. "Siku ile ya kwanza, kule kliniki. Yule daktari alisema koo likiuma au homa ikija, niache dawa, nije nipimwe damu siku hiyohiyo. Nilidhani anasema koo la kutisha. Hili langu nilijua ni la mvua."

"Mimi nilikuwa wapi?"

"Ulikuwa umetoka kutafuta gari."

"Mbona hukuniambia siku ile nilipokuletea kikombe?"

Edisa hakuwa na hasira. "Nilikuambia niache. Ningesema na hilo la daktari, ungesikia?"

Nuwa alijua jibu, na lilimshtua kuliko yote aliyoyasikia katika hospitali ile.

Walikaa Kasese hadi Nakato aliporidhika. Rovu lilikuwa lingali pale, na bila vidonge moyo ulianza tena kwenda mbio, lakini akapewa dawa nyingine ya kuutuliza moyo tu, na tarehe ya kwenda Mbarara kupasuliwa. Alipasuliwa baada ya Pasaka, akapona. Vidonge vile hatavimeza tena maisha yake yote.

Siku ile ya kutoka hospitali ya Kasese, Edisa akiwa ndani ya gari na Sylvie, Nuwa alimwomba Anselme asimame mtaa wa Nyamwamba, mlemle mjini, kwenye kliniki ndogo walikopewa vidonge. Sylvie alimwuliza kama anakwenda kugombana. Alisema hapana.

Daktari wa kliniki alikuwa mtu wa makamo, mpole. Alipomsikiliza Nuwa alivua miwani, akamwomba asimulie tena kutoka mwanzo. Miaka yote aliyoandika dawa ile, alisema, jambo hili alilisoma tu vitabuni.

"Nilimwambia binti yako," alisema. "Nakumbuka nilimwambia."

"Ulimwambia. Ila mimi ndiye niliyebeba dawa, na mimi hukuniambia."

Daktari hakujitetea. Aliitikia kwa kichwa taratibu, kama mtu anayeona jambo lililokuwa mbele yake siku zote.

Nuwa alipotoka alimkuta kwenye benchi la nje mwanamke mwenye shingo iliyotuna kidogo, na kando yake mume wake, bahasha ya dawa ikiwa mkononi mwa mume. Aliitambua rangi ya pakiti iliyochungulia. Alisimama mbele yao, akawasalimu kwa Lukonzo, lugha ya kwao, akawauliza wanatoka wapi, kisha akawaeleza. Hakusema habari za majeshi wala uboho. Alifungua kinywa chake mwenyewe, akaonyesha koo kwa kidole, na alikuwa akimwambia yule mume zaidi kuliko mke.

"Koo tu?" yule mume aliuliza.

"Koo tu. Au homa. Siku hiyohiyo, usingoje kesho."

"Na kama ni mafua?"

"Basi watakwambia ni mafua, mtarudi nyumbani mkicheka. Lakini akisema hawezi kumeza," Nuwa alisema, "msikilize."

Mume alimtazama mkewe, kisha akaitazama bahasha mkononi mwake. Nuwa aliwaaga, akachechemea kuelekea garini, ambako binti yake alikuwa ameteremsha kioo na kumwita waende.